Manung'uniko Yaliyosikilizwa

Maneno ya ibada ya redioni. Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7

Twasema nanyi mlio kando ya moto mkingojea uji, ninyi mlio safarini, na hasa ninyi mliotoka kazini alfajiri hii baada ya zamu ya usiku, macho mekundu na viatu vimelowa umande. Sisi tunaosema nanyi ni wazee wa kanisa wa huku Nyansiongo, katika Borabu, kaunti ya Nyamira. Karibu sote tumelelewa na chai. Wengine wetu tumeichuma, wengine tumesimama vituoni kwenye mizani, wengine tumezeekea ndani ya viwanda.

Leo twapenda kusema juu ya kazi. Hatutasema juu ya uvivu, wala juu ya wizi wa mali ya mwajiri, maana juu ya hayo mmehubiriwa vya kutosha. Twataka kuuliza jambo moja. Kwa nini mahali pengine pa kazi, mabadiliko yakija, watu huyapokea wakajifunza wakaendelea mbele, na mahali pengine, kwa mashine ile ile na mshahara ule ule, kila kitu huvurugika? Wakubwa wengi hujibu kwamba ni fedha, au ni elimu ya wafanyakazi. Sisi kwa yale tuliyoyaona twafikiri kwamba mara nyingi jibu liko katika jinsi mtu wa kazini anavyosemezana na mwenzake.

Ninyi mnaoijua chai ikiwa kikombeni tu, yafaa tuwaeleze kidogo. Jani la chai halina subira. Mama huamka kukiwa na ukungu, huchuma majani mawili na kichipukizi chake, hujaza kikapu mgongoni, kisha huenda kituoni na kungoja. Karani huyamwaga majani mezani, huyakagua, huyapima, huandika. Lori huja, mara nyingine limechelewa kwa sababu ya matope. Kiwandani majani hulazwa juu ya vitanda virefu vinavyopulizwa upepo toka chini, muda wa saa kumi na mbili hata kumi na nane, mpaka yanyauke. Kisha hukatwakatwa na kusagwa. Halafu huja hatua tunayoiita kuchacha. Majani yaliyosagwa huachwa yapate hewa, nayo hugeuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, na harufu yake hubadilika. Muda wake ni kama saa moja au saa moja na nusu, mara nyingine zaidi, kwa kuwa baridi huichelewesha na joto huiharakisha. Ukiyatoa mapema, chai huwa mbichi kinywani. Ukiyachelewesha, chai hulala, haina ukali wowote. Baada ya hapo hukaushwa, huchambuliwa, hufungwa, na safari ya mnadani Mombasa huanza. Karibu kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Mikono ni mingi basi, na kila mkono hupokea kutoka kwa mkono mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita baadhi yetu tulifanya kazi katika kiwanda kimoja, mbali na hapa, ambacho hatutakitaja. Pale kwenye kuchacha alikuwako mzee mmoja aliyekaa miaka mingi kuliko mameneja wote waliopita. Zamani majani yalichachia katika vigari, naye alipita kati yake usiku kucha, akitwaa majani kiganjani, akiyaminya, akiyanusa, akiyatazama chini ya taa. Alipoinua mkono, kigari kilikwenda kukaushwa. Hakuwa na shule kubwa.

Kisha ikaja mashine mpya, kitanda kirefu chenye mkanda unaotembea polepole, feni chini yake, na kisanduku cha kuwekea muda. Pamoja nayo akaja msimamizi kijana, aliyetoka chuoni, mwenye bidii, tena mshiriki wa kanisa letu, aliyeimba besi katika kwaya. Hakuwa mtu mbaya. Juma la kwanza mzee alisema mbele ya watu kwamba muda uliowekwa ungetosha sasa, lakini baridi ya Julai ikifika hautatosha. Kijana aliona kama anavunjiwa heshima mbele ya walio chini yake. Akajibu, "Mzee, siku hizi hatuchachishi chai kwa pua. Wewe angalia taa. Ikiwaka nyekundu, niite."

Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka, na kicheko kile chatuuma hata leo.

Tangu siku hiyo mzee aliangalia taa. Alifika kwa wakati, alivaa koti lake jeupe, alisimama alipopangiwa, na taa ilipowaka alimwita msimamizi. Hakuna ambaye angeweza kumshtaki. Lakini hakusema neno tena. Julai ikaja na baridi yake, majani yakaingia mkandani yakiwa yamepoa, yakatoka upande wa pili kabla hayajageuka sawasawa. Mzee alijua kwa harufu tu. Akaangalia taa.

Habari zikarudi kutoka Mombasa kwamba waonjaji wanaiona chai yetu ni mbichi, na bei ikashuka. Meneja, ambaye ofisi yake ilikuwa mbali na mkanda ule, alifikiri kwamba kosa liko mashambani, kwamba wakulima wanachuma majani marefu na vijiti. Hilo hutokea kweli, kwa hiyo hatumlaumu sana kwa kulidhani. Akaamuru makarani wa vituoni wawe wakali mezani. Na makarani wakawa wakali. Mama mmoja mjane, aliyepanda kilima akiwa na kikapu mgongoni, alirudishiwa majani mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ya nne hakuja. Aliwapelekea wachuuzi, wale wanaolipa papo hapo bei ndogo na hawana habari ya bonasi mwisho wa mwaka. Majirani zake wakamfuata. Lori likaanza kurudi nusu tupu. Ikaitwa mikutano. Wakatumwa watu kuwafundisha akina mama kuchuma majani mawili na kichipukizi, akina mama waliokuwa wakichuma hivyo kabla mwalimu hajazaliwa.

Ndugu msikilizaji, tazama jinsi jambo hili lilivyosafiri. Maneno machache ya dharau kati ya wanaume wawili, kando ya mashine, usiku, yalifika mpaka sufuria ya mjane.

Nasi tulijua. Mara moja au mbili, wakati wa chakula, mzee alituambia kwamba chai ile inatolewa ikilia. Hatukulipeleka neno popote. Mmoja wetu aliogopa kutorudishiwa mkataba. Mwingine alikuwa ndugu wa mzee kwa ukoo, akaogopa kuonekana anampigania. Mwingine alisema kwamba si idara yake. Na siku ya meza ya Bwana tuliwapa kikombe wote wawili, mzee katika benchi la nyuma na kijana pale kwenye kwaya, tukafunga ibada kwa amani, tukaenda nyumbani.

Lililofungua kinywa cha mzee halikutoka ofisini. Mama yake yule msimamizi alifariki. Ninyi mnajua desturi yetu huku Gusii, msiba wa mmoja huita kijiji kizima, na wa kazini huja pia, wengine na kuni, wengine na maji, wengine na unga. Mzee alikuja na jembe lake. Alichimba kaburi tangu alfajiri pamoja na vijana, hakusema mengi, akanawa mikono, akarudi zake. Kijana alimwona. Usiku wa kwanza aliporudi kazini alikwenda moja kwa moja kwenye mkanda, bila karatasi zake, akasema, "Tata, niambie."

Mzee alitwaa majani kiganjani akamsogezea puani. "Nusa mwenyewe, mwanangu."

Usiku ule waliongeza dakika kumi, kisha kumi nyingine, mpaka rangi ikaja. Kijana akaandika muda wa usiku wa baridi na muda wa usiku wa joto, akaubandika ukutani, na chini yake akaandika kwamba yeyote atakayeona mambo kinyume amwite saa yoyote. Baadaye mashine ile ile ikatoa chai nzuri.

Sasa tulifungue somo letu. Katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume kanisa la Yerusalemu lilikuwa likikua haraka, na kukua huko kulileta tatizo ambalo hakuna aliyekuwa amelipangia. Waumini walikuwa wa namna mbili, Waebrania wenyeji, na wale Wayahudi waliosema Kiyunani, ambao wengi wao walikuwa wametoka mbali. Katika ugawaji wa chakula wa kila siku, wajane wa hao wa Kiyunani walisahauliwa. Luka hasemi kwamba mtu aliwanyima kwa makusudi. Huenda aliyegawa aliwajua kwa majina wajane wa kwao tu. Basi yakatokea manung'uniko.

Sisi tuliozoea mikutano ya kanisa twajua mitume wangeweza kufanya nini. Wangeweza kusema kwamba kunung'unika ni dhambi, na wangepata mifano tele kutoka safari ya jangwani. Wangeweza kuuliza ni nani aliyeanzisha maneno haya. Wangeweza kujibu kwamba wao ndio waliotembea na Bwana, na utaratibu uliopo unatosha. Badala yake waliwaita wanafunzi wote pamoja. Wakakiri mbele yao kwamba kazi imewazidi, kwamba hawawezi kushika neno na meza kwa wakati mmoja. Wakawaambia watu wachague wenyewe wanaume saba wenye sifa njema.

Hebu someni majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Ni kweli hata miongoni mwa wale kumi na wawili walikuwako Andrea na Filipo mwingine, ambao majina yao ni ya Kiyunani pia. Lakini saba kwa saba, ndugu zetu, si jambo la kubahatisha. Kanisa liliwapa ufunguo wa ghala watu wa upande ule ule uliokuwa ukilalamika. Hatujui kamati nyingi ambazo zingethubutu kufanya hivyo. Sisi katika kamati zetu, mtu akilalamika juu ya hesabu, twaanza kwa kuhakikisha kwamba hagusi hesabu kamwe.

Tena mwone yaliyofuata. Stefano akawa shahidi. Alipouawa, waumini wakatawanyika, na Filipo, mmoja wa hao saba, akashuka Samaria, mahali ambapo Myahudi wa kawaida hakupenda hata kunywa maji, kisha akakutana na yule Mwethiopia katika njia ya Gaza. Katika sura ya kumi na moja, wengine katika waliotawanyika walifika Antiokia wakawahubiri hata Wayunani. Kanisa lililojifunza kusikia mezani liliweza baadaye kuvuka mipaka mikubwa kuliko meza. Kama wajane wale wangenyamazishwa, nani angetumwa Samaria? Sisi hatujui. Twajua tu kwamba mmoja wa waliokwenda alitoka katika orodha ile.

Twafikiri pia juu ya safari ya neno lenyewe. Mjane hakuwa na njia ya kukaa na Petro. Alimwambia mtu, huyo akamwambia mwingine, hata likafika. Njia hiyo ya kinywa kwa sikio ilikuwa wazi kule Yerusalemu. Katika kiwanda chetu ilikuwa imeziba, na waliokuwa wameiziba ni wazee wa kanisa.

Msifikiri kwamba haya ni ya wacha Mungu peke yao. Nchini Marekani, katika mji wa Fremont, California, kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari kilichojulikana kwa ugomvi. Wafanyakazi walikosa kazini ovyo, kulikuwa na migomo, na magari yalitoka na kasoro. Kikafungwa mwaka wa 1982. Mwaka wa 1984 kikafunguliwa tena kwa ushirika na Toyota ya Japani, kikaitwa NUMMI, na wengi sana katika walioajiriwa walikuwa ni wafanyakazi wale wale wa zamani, wenye chama kile kile. Baadhi yao walipelekwa Japani wakaone kazi. Juu ya mstari wa magari palikuwa na kamba. Katika kiwanda cha zamani kusimamisha mstari lilikuwa kosa kubwa sana, hata gari likipita na kasoro liliachwa lipite, litengenezwe mbele ya safari. Sasa mfanyakazi yeyote akiona tatizo aliruhusiwa kuvuta kamba, na kiongozi wa kikundi chake alikuja mbio kumsaidia. Muda si mrefu magari yao yakahesabiwa miongoni mwa bora katika kampuni nzima.

Wakubwa wa kampuni walitaka kupeleka mafanikio hayo katika viwanda vyao vingine. Kamba ni rahisi kununua. Lakini kwa miaka mingi mambo hayakushika, kwa kuwa huko mameneja na wafanyakazi walikuwa bado hawaaminiani. Mtu aliyezoea kugombezwa hataivuta kamba, hata ukiipaka rangi ya dhahabu. Mzee wetu naye alikuwa na taa nyekundu ya kuita msimamizi. Aliitumia kila usiku, na haikusaidia kitu.

NUMMI kilifungwa mwaka wa 2010, kwa hiyo hatusemi kwamba maelewano yatashinda kila janga la biashara. Bei ya chai nayo hushuka kwa sababu ambazo hakuna mtu wa zamu ya usiku awezaye kuzizuia.

Hapa yafaa tuwe waangalifu, maana msikilizaji mmoja anaweza kusema, "Basi nitaajiri rafiki zangu na watu wa ukoo wangu, nasi tutapendana." Ndugu, soma habari za Rehoboamu katika 1 Wafalme sura ya 12. Watu walimwendea na ombi, awapunguzie mzigo wa kazi. Akawauliza wazee waliomtumikia baba yake, nao wakamshauri awajibu kwa upole. Akawaacha, akawauliza vijana waliokua pamoja naye, wakamwambia aongeze ukali. Hao walikuwa rafiki zake kweli kweli. Walijua atakalopenda kusikia, wakamwambia hilo, na makabila kumi yakaondoka. Urafiki wa namna hiyo huziba masikio vizuri kuliko uadui.

Sisi wa Borabu twapaswa kulijua hili tangu utoto. Katika Gusii ya zamani jirani yako alikuwa ndugu yako. Mlikuwa na egesangio, watu wachache wakilimiana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako, na aliyetega aliaibika mbele ya jamaa yake. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashamba ya walowezi wa Kizungu huku yakaanza kugawanywa, na watu wakaja kutoka pande mbalimbali za Gusii. Jirani akawa mtu usiyemjua baba yake. Tena kazi yenyewe ilikuwa mpya kwa wengi: ng'ombe wa gredi, pareto, na chai, ambayo wakulima wadogo walianza kuipanda kwa wingi hasa baada ya KTDA kuundwa mwaka wa 1964. Wazazi wetu walituambia kwamba waliofanikiwa mapema hawakuwa lazima wenye nguvu au wenye fedha. Walikuwa wale waliokubali kuvuka ua na kumwuliza mgeni wa ukoo mwingine, "Wewe miche yako umeifanyaje hata ikashika?" Na yule mgeni akajibu kweli, asimfiche. Makanisa mengi ya huku yalianza hivyo hivyo, watu wasio wa damu moja chini ya mti mmoja.

Twasema haya kwa sababu mabadiliko hayajaisha. Mwezi wa Mei mwaka wa 2023, ng'ambo ya Sotik, katika mashamba makubwa ya Kericho, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na watu wenye hasira waliosema kwamba zimewanyang'anya kazi. Sisi hatusifu moto. Tena hatusemi kwamba mazungumzo matamu yangerudisha kazi iliyochukuliwa na chuma, kwa kuwa mtu aliyepoteza mshahara amepoteza mshahara. Lakini mahali ambapo kwa miaka mingi mchumaji haulizwi kitu, siku mashine inaposhushwa kwenye lori yeye atalitazama lori kama adui, na pengine hatakosea. Mwajiri unayenisikia, ukitaka kuleta kitu kipya, usianze kwa kuuliza mashine inagharimu kiasi gani. Uliza ni lini mara ya mwisho mtu wa chini kabisa kazini mwako alikuambia jambo usilolipenda. Kama hukumbuki, ngoja kwanza na mashine. Nawe mfanyakazi, nyamaza ya mzee wetu ilikuwa na sababu, hata hivyo mjane hakumkosea kitu. Hilo mzee mwenyewe alilisema baadaye, tena kwa uchungu, mbele yetu sisi tuliokuwa na sababu ndogo kuliko yake.

Mtauliza mambo yaliishaje. Kijana hakuomba radhi mbele ya watu, kwa kadiri tunavyojua. Baada ya muda alihamishwa, na mzee akastaafu. Ile karatasi ya ukutani ilidumu mpaka ukuta ulipopakwa rangi upya. Lori lilianza kujaa tena, lakini si kila aliyeondoka alirudi.

Siku moja sisi wazee tulikata shauri kumwendea yule mama mjane, tumweleze kwamba majani yake hayakuwa na kosa. Tulimkuta akipalilia mahindi. Sehemu ya chai yake alikuwa ameing'oa, na visiki vilikuwa vimerundikwa kando kuwa kuni. Alitupa viti, akatupa uji, akasikiliza mpaka mwisho. Tulimwambia habari ya mashine, na ya baridi, na ya mzee na kijana, na tulimwambia kwamba tulijua. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mlijua mwezi gani?"

Tukamwambia Julai.

"Mimi nilirudishiwa kikapu Agosti," akasema.

Tuombe. Ee Bwana Mungu, leo yuko mtu kazini kwetu anayejua jambo, nasi hatujamwuliza. Wewe wamjua jina lake na zamu yake. Tupeleke kwake kabla kikapu cha mtu hakijarudishwa. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.